Je, Mwanafunzi Asifanye Biashara?



Katika mkutano mkuu ujao mtatakiwa mnyanyue mikono juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini kwa maoni yetu lina uzito kuliko bei ya magunia, na kuliko lile paa la ghala lililotuchukulia mikutano mitatu. Jambo lenyewe ni hili: kwamba mwanafunzi ye yote wa shahada ya pili au ya tatu anayesaidiwa na Mfuko wetu wa Masomo, akijulikana kuwa anafanya biashara katika mtandao, akatiwe msaada wake mara moja. Shauri hili limeletwa na wanachama tunaowaheshimu, watu waliopanda mikarafuu kabla sisi hatujazaliwa, na nia yao hatuitilii shaka. Hata hivyo twaona wamekosea, na twaomba radhi yao na ruhusa yenu tueleze kwa nini.

Twapenda kusema mapema, ili isije ikasemwa nyuma yetu, kwamba barua ya kwanza ya kumwonya mwanafunzi kwa ajili ya biashara ya namna hii iliandikwa na sisi wenyewe, kwa mkono wetu, na muhuri wa Jumuiya ukagongwa juu yake. Basi haya si maneno ya mtu aliyekaa pembeni akiwatazama wenziwe wakikosea.

Khabari yenyewe ni hivi. Binti wa mwanachama wetu mmoja wa Pemba, ambaye hatutamtaja jina, yuko Dar es Salaam akisomea shahada ya pili. Mfuko unamlipia ada, na ada tu. Chumba, chakula, karatasi na nauli ya boti ni juu yake na wazee wake. Utafiti wake ni juu ya udongo wa mashamba ya karafuu, yaani mashamba yetu haya haya. Binti huyu alianza kuuza viungo kwa njia ya simu: mdalasini, iliki, pilipili manga na kungumanga. Hakuwa na duka wala meza. Bibi yake na jirani zake walikuwa wakianika na kupepeta, nduguye mdogo akifunga vifuko na kuvipeleka botini, yeye akitia picha na bei katika mtandao, na mnunuzi akileta fedha kwa simu kabla mzigo haujaondoka. Baada ya sala ya Isha alikuwa akiwajibu walioandika, na Jumamosi asubuhi akienda bandarini kupokea mizigo na kuigawa. Siku nyengine zote alikuwa mwanafunzi. Alipata wanunuzi Dar es Salaam, akapata Arusha, na akapata jamaa zetu walioko Maskati, ambao walikuwa wakiagiza kwa mkono wa wasafiri kwa sababu mdalasini wa madukani, walisema, hauna harufu ya kwao.

Mwanachama mmoja akaiona picha ya kifuko cha mdalasini katika simu ya mjukuu wake, na chini yake jina la binti yule na bei. Akaja ofisini amekasirika. "Sisi twatoa fedha ili asome, kumbe yeye ni mchuuzi!" Kamati ikakubali kwamba aonywe, nasi tukaandika. Twakiri kuwa tulitumia maneno makali kuliko tuliyotumwa. Tuliandika juu ya "hadhi ya Jumuiya", na tukamtaka achague moja. Akachagua. Alitujibu kwa mistari miwili ya adabu, akawarudishia fedha zao waliokuwa wamekwisha lipa, akaifunga biashara yake.

Miezi minne baadaye baba yake akaja ofisini. Hakuja kugomba. Alikaa kitako, akanywa maji, akatueleza kwamba binti yake alikuja likizo akachukua udongo katika mashamba kadhaa, lakini hana fedha za kuvilipia maabara vifuko vile ili vipimwe. Vifuko vimo chini ya kitanda cha mama yake, na msimamizi wake wa utafiti amekwisha mwambia kuwa muda unapita. Fedha za maabara zilikuwa zitoke katika mdalasini. Kisha akasema, "Katibu, mmemfunga mikono, na sasa mwamwuliza mbona hali." Hatukuwa na jibu. Mfuko hauna fungu la maabara, wala hatukuwa na kitu cha kumpa mzee yule ila chai.

Wenye shauri wana hoja zao, na ni haki kuzieleza kama walivyozieleza wenyewe. "Mshika mbili moja humponyoka," alisema mzee mmoja katika kikao cha Kamati, na wengi wakaitikia. Walisema kuwa masomo ya juu yataka moyo mzima. Kuwa fedha ndogo ya leo humsahaulisha kijana cheti cha kesho. Kuwa simu ni mlango usiokuwa na komeo, na mnunuzi huingia saa sita ya usiku kama aingiavyo saa sita ya mchana. Neno hili la mwisho ni kweli tupu, na tutalirudia. Walisema tena kwamba fedha za Mfuko ni jasho la wanachama, na kwamba anayeila fedha hiyo hana haki ya kuwa na shughuli nyengine.

Sisi twauliza: ni nani katika sisi asiyeshika mbili? Mkarafuu ukiupanda leo utakaa miaka sita, saba, pengine minane, kabla hujaona kitu. Katika miaka hiyo hakuna mkulima aliyekaa chini ya mche akingoja. Ametia muhogo kati ya mistari, ametia migomba, amefuga mbuzi, na wengine huenda dago kuvua. Wala hatujasikia mtu akiambiwa kwamba muhogo ule ni kuukana mkarafuu. Kinachoangaliwa ni kuwa muhogo usisogezwe karibu mno ukaunyonya mche. Na wazee wetu wanajua zaidi kuliko sisi yaliyotokea katika miaka ya 1980, pale Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu za mashamba yake yenyewe. Aliyekuwa na muhogo alikula muhogo.

Lakini baadhi ya wenzetu mfano wa shamba hauwatoshi. Walisema kuwa mambo ya vyuo vikuu na mtandao ni mambo ya kigeni, yana dasturi zake huko yalikoanzia, na huko mtu husoma kwanza akafanya biashara baadaye. Basi na twende huko yalikoanzia.

Katika mji wa Philadelphia, Marekani, kiko chuo cha biashara kiitwacho Wharton, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 2008 walikuwako hapo vijana wanne wakisomea shahada ya pili, Neil Blumenthal, Dave Gilboa, Andrew Hunt na Jeffrey Raider. Gilboa alikuwa amepoteza miwani yake safarini, na mipya ilikuwa ghali hata akasoma muhula wake wa kwanza bila ya miwani. Wakaulizana: kwa nini vioo viwili na fremu yake viwe na bei kama ya simu? Blumenthal alikuwa na jawabu, maana kabla ya kwenda chuoni alifanya kazi katika VisionSpring, shirika linalowapatia watu maskini miwani ya bei nafuu, na alijua kuwa gharama ya kuitengeneza haifiki bei ile. Wakakata shauri kuuza miwani katika mtandao, moja kwa moja kwa mvaaji, kwa dola 95 pamoja na vioo vyake. Jina la biashara wakaliita Warby Parker.

Wanachama watusikilize vizuri hapa. Vijana hawa hawakuacha masomo. Walikuwa wakiishughulikia biashara ile baina ya vipindi na nyakati za usiku, kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, kabla ya kuuza hata jozi moja. Ilipofika likizo ya kiangazi hawakukusanyika kuiendesha. Kila mmoja alikwenda kufanya kazi ya mazoezi mahali pake. Wala hawakuikata njia ya kurudi, kwani baadhi yao walikwisha kubali kazi nyengine za kuanza mara watakapomaliza, ikiwa miwani haikuuzika. Mwalimu mmoja wa chuo hicho, Adam Grant, aliombwa mwaka 2009 atie fedha zake katika biashara hiyo, akakataa. Sababu yake ilikuwa ni ile ile ya mzee wetu wa Kamati: aliona kwamba mtu asiyeacha kila kitu kwa ajili ya jambo lake hana nia nalo. Baadaye mwenyewe ameeleza, katika kitabu chake kiitwacho Originals kilichotoka mwaka 2016, kuwa alikosea, na kuwa hajapata kukata shauri baya la fedha kama lile.

Duka lao la mtandao lilifunguliwa Februari 2010, nao wangali darasani. Gazeti la GQ likawaandika. Katika majuma matatu wakatimiza mauzo waliyoyakusudia kwa mwaka mzima. Miwani iliyopendwa zaidi ikaisha, na watu 20,000 wakawa wanangoja. Walikuwa wameahidi kumpelekea mtu nyumbani jozi tano azijaribu kabla ya kununua, na hizo nazo zikamalizika. Watu wakapiga simu kuuliza kama waweza kuja dukani wakajaribu huko. Duka hawana! Basi wakawakaribisha nyumbani kwa Blumenthal, wakaipanga miwani juu ya meza ya chakula, na watu wakaja wakajaribu. Sisi twakipenda kisa hiki cha meza ya chakula kuliko yote mengine, kwa sababu kinatuonyesha kwamba mambo haya yanayoitwa makubwa huanza kwa namna inayofanana sana na bibi mwenye ungo wa mdalasini barazani.

Na je, chuo chao kilifanya nini kilipopata khabari? Kiliwaandikia barua ya kuwaonya? La. Wharton kilikuwa na mpango wake wa kuwasaidia wanafunzi waanzishao biashara, na kwa njia ya mpango huo kiliwapa dola 2,500. Masomo wakayamaliza. Blumenthal na Gilboa wakaendelea kuiongoza biashara, Hunt na Raider wakashika kazi nyengine, na mwezi wa Septemba 2021 hisa za kampuni ile zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la New York.

Hatusemi kuwa binti yetu atafika New York. Mdalasini ni mdalasini. Tunalosema ni kwamba huko yalikoanzia mambo haya, mwanafunzi kushika mbili si ajabu, na wengine wamezishika zote hadi mwisho.

Tunajua litakalojibiwa, kwa sababu limekwisha jibiwa katika Kamati na mwanachama mmoja kijana aliyesoma kuliko sisi. Alisema: "Na wale wa Yahoo na Google je? Si waliacha masomo?" Kweli waliacha. Jerry Yang na David Filo walikuwa wakisomea shahada ya tatu ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, walipoanza mwaka 1994 kupanga orodha ya kurasa za mtandao kwa kujipendezea tu. Mwaka 1995 orodha ile ikawa kampuni, nao wakatoka chuoni. Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa chuo hicho hicho, walianza kazi yao ya kutafutia mambo katika mtandao mwaka 1996 ikiwa ni sehemu ya utafiti wao, wakaunda kampuni ya Google mwaka 1998, na shahada ya tatu hawakuimaliza.

Lakini wanachama watazame mambo mawili katika khabari hiyo. Kwanza, wote wanne walikuwa na shahada ya pili mkononi walipotoka. Walichokiacha ni ngazi ya juu yake. Pili, hapana hata mmoja wao aliyetoka kwanza akaenda kutafuta la kufanya. Jambo lao lilikuwa likienda, watu wakilitumia kwa maelfu, ndipo wakatoka. Kwa hivyo wao pia walishika mbili, na walipoiachia moja walijua ipi waiachayo na kwa sababu gani. Na kwa kila Google moja, wako wanafunzi wangapi walioacha masomo kwa jambo lisilosimama? Hao magazeti hayawaandiki.

Wako wataalamu waliolipima jambo hili. Joseph Raffiee na Jie Feng walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wao juu ya Wamarekani walioanzisha biashara kati ya mwaka 1994 na 2008, wakalinganisha walioacha kazi zao moja kwa moja na walioanza huku wakiendelea na kazi. Walioendelea na kazi zao, khatari yao ya kuanguka ilikuwa ndogo kwa sehemu 33 katika 100. Uchunguzi huo ni wa wafanyaji kazi na si wa wanafunzi, nasi hatutaki kuubebesha mzigo usiokuwa wake. Lakini waelekea upande ule ule.

Sasa turudi kwenye ule mlango usiokuwa na komeo, maana hapa ndipo wenye shauri walipo na haki, na hatutaki ionekane kuwa twatetea kila kijana mwenye simu.

Si zamani sana biashara hii isingewezekana. Kutuma fedha kwa simu kulianza Kenya mwaka 2007 na kwetu Tanzania mwaka 2008. Waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika pwani yetu mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010, ndipo intaneti ikaanza kushuka bei. Kwa hivyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukufundishwa mipaka yake, na vijana wetu hawakupata mzee wa kuwafundisha. Mtu mwenye duka hufunga mlango akalala. Mwenye duka la simu asipojiwekea saa zake mwenyewe hana usingizi, na asiyelala hawezi kuandika utafiti. Yule binti alikuwa na saa zake. Si wote walio nazo. Tunamjua mwanafunzi mwengine, huyu si wa Mfuko wetu, aliyekuwa akiuza viatu kwa simu na kuamka usiku mara tatu kuwajibu watu, hata akaukosa mtihani kwa usingizi. Viatu havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba hakuwa na mtu wa kumwambia "lala".

Kuna jambo jengine, baya zaidi. Wanafunzi wengi huambiwa na marafiki zao kuwa iko "biashara ya mtandao" ambayo mtu hutoa fedha kuingia, kisha hulipwa kwa kuwaingiza wengine. Hiyo si biashara, ni upatu, hata ikivikwa nguo gani. Bara waliliona jambo hilo mwaka 2009 katika kisa cha DECI, na hapo hapakuhitajika hata kompyuta. Kipimo chetu ni chepesi: muulize kijana, "Unauza nini, na anayenunua anakitumia kwa kazi gani?" Akikuonyesha mdalasini, mkalishe umsikilize. Akikuonyesha orodha ya majina ya watu, mfiche mama yake asije akauza mbuzi.

Chuoni, kwa maana ya chuo cha Kurani na si chuo kikuu ambako sisi hatukufika, tulifundishwa tungali wadogo kuwa mtu asiuze asichokuwa nacho. Wako vijana wanaotia katika mtandao picha ya mali ya mtu mwengine, wakapokea fedha, kisha ndipo wakaenda kuitafuta. Ikipatikana ni bahati, isipopatikana ni ugomvi, na ugomvi wa mtandaoni husomwa na watu elfu. Hao wale watu 20,000 waliongojea miwani waliambiwa wazi kuwa imekwisha.

Wenye watoto ng'ambo nao wasikilize khasa. Mtoto aliyeko Uingereza kwa viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kuendesha biashara yake mwenyewe, hata ikiwa ndani ya simu. Marekani pia mwanafunzi mgeni hafanyi kazi nje ya ruhusa aliyopewa, na kuendesha duka la mtandao akiwa huko huweza kuhesabiwa kuwa ni kazi. Hapa hapana suala la Jumuiya kuruhusu au kukataza. Kijana aweza kurudishwa nyumbani na masomo yakakatika. Mzazi asimwambie mwanawe "jitafutie" bila ya kwanza kumtaka aulize ofisi ya wageni ya chuo chake.

Karafuu yenyewe hatuiingizi katika maneno haya. Karafuu ina sheria zake za kuuzwa, na kila mwanachama anazijua. Mwanafunzi atakayetia picha ya karafuu zetu kavu katika simu yake kwa kuuza asitegemee kuwa makala haya yatamtetea.

Na la mtaji. Tumesikia mzazi mmoja akisema kwamba kama mambo ndiyo haya, basi ataweka rehani mikarafuu kumi ampe mwanawe mtaji. Twamsihi asifanye hivyo. Binti wa mdalasini alianza kwa mzigo mmoja ambao bibi yake alimkopesha, akalipa alipouza, akachukua wa pili. Akianguka, ameanguka kutoka juu ya kibao cha mbuzi, atajipangusa. Shamba likienda halirudi, na mwanafunzi aliyebeba shamba la baba yake kichwani hatasoma neno.

Kwa hivyo twaomba mkutano ulikatae shauri lililoletwa, na badala yake ukubali hivi: mwanafunzi anayesaidiwa na Mfuko na mwenye biashara aiandikie Kamati, aeleze anauza nini na anatumia saa ngapi, na msimamizi wake wa masomo ajue. Matokeo yake yaletwe ofisini kila muhula, kama ya wengine wote. Akifeli kwa uzembe akatiwe msaada, awe muuzaji au awe hana hata peremende ya kuuza. Akifaulu tusimwulize usiku anafanya nini na vidole vyake. Wako wanafunzi wetu wanaopoteza usiku mzima kutazama mipira na vichekesho katika simu hizo hizo, na hao hatujawaandikia barua hata moja. Twaona haya kulisema hilo, lakini ndivyo ilivyo.

Mtu atauliza: kama kijana ana faida, kwa nini Mfuko uendelee kumlipia? Swali hili ni la haki, nasi tumelifikiri. Faida ya namna hii ni ya chumba na maabara, haifiki ada. Siku itakapofika ada, naye amekwisha maliza masomo yake, twaamini atakuwa wa kwanza kutia fedha katika Mfuko, lakini hilo hatuwezi kulitia katika kanuni. Kamati iwe na uwezo wa kupunguza msaada wa mwenye kipato kikubwa, kwa kukaa naye na kuona daftari lake. Kupunguza kwa hesabu ni jambo moja, na kumkata mtu kwa sababu ya picha katika simu ya mjukuu ni jambo jengine.

Imebaki khabari ya vifuko vya udongo. Udongo ule umetoka katika mashamba ya wanachama, na majibu yake yatakuwa ya faida kwetu kuliko kwa mtu mwengine ye yote. Mashamba mangapi yana mikarafuu inayokauka na mwenyewe hajui sababu? Tutauomba mkutano uidhinishe mkopo mdogo wa kulipia maabara, bila ya riba, na binti atalipa kidogo kidogo biashara yake itakapofunguliwa tena. Baba yake amekubali kumdhamini. Hesabu yake iko ofisini, na kila mwanachama aweza kuja kuitazama siku yo yote ya kazi kabla ya saa saba.

Barua ya kuifuta ile ya kwanza tumekwisha iandika, na safari hii maneno yake ni machache. Imo katika jalada, yangoja mikono yenu na sahihi ya Bwana Mwenyekiti.

Katibu